Switi za Ndimu Zilizokataa Kukauka

Kumkumbuka Simeon Mutahi wa Gatitu, Nyeri

Mwaka umetimia, Baba Wamucii, tangu ile asubuhi ya ukungu ya Julai ulipotuacha, na bado ninakutilia chai. Nakijaza kikombe chako, halafu nasimama na birika mkononi, sijui nimpe nani.

Watu wa barabara ya Nanyuki wanakuulizia. Uliendesha lori la ng'ombe la tajiri wako Hashi na hukumchapa mnyama hata mmoja. Kila mtoto aliyekufungulia lango alipata switi ya ganda la ndimu kutoka mfuko wa koti lako, na mzee akikohoa ulimpa pia. Nililalamika kwamba mifuko yako inanata. Ulicheka tu.

Wiki hii tulitaka kuzipika kama mama yako wa Gakindu alivyokufundisha, tuwape watu baada ya maombi ya Jumapili. Tulimenya ndimu, tukachemsha maganda na kumwaga yale maji machungu, tukarudia mpaka uchungu ukaisha. Tukayapika kwa sukari yakang'aa, tukayaanika kwenye uteo. Kulipokucha yalikuwa yakitoa jasho. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Mwanetu Peterson akayasogeza juu ya jiko la makaa, yakawa magumu na kunuka moshi.

"Cucu, hii si switi," mjukuu wetu Anita akaniambia. "Hii ni mshipi ya Guka." Yaani ule mshipi wako wa ngozi, wewe babu yake.

"Labda sukari ilikuwa kidogo," Peterson akasema.

"Sukari iko sawa," dada yake, Wamucii, akamjibu. "Ni mkono yako ndio ya kuchoma nyama."

Wakacheka. Mimi sikuelewa kwa nini hazikauki. Nimekaa nawe jikoni humo tangu ujana wetu. Inakuwaje jambo ulilolifanya mbele ya macho yangu limenipotea? Niliogopa, Mutahi. Nikajiuliza, ikiwa hili limenitoka, sauti yako nayo itanitoka lini?

Jana Hibo, mke wa Hashi, alikuja kutoka Nanyuki akatuletea maziwa. Akashika ganda moja, likamgandia kidoleni.

"Mama, mbona mnapika wakati wa baridi?"

"Si kila Julai alikuwa anatupatia?"

"Kuwapatia, ndio. Lakini zile mpya alikuwa analeta kwetu wakati wa jua kali, ng'ombe wamekonda. Ati, 'Hibo, weka kwa kopo, utakula baridi ikikuja.'"

Kopo. Lile la bluu, chini ya kitanda chetu. Hapo nikakumbuka jua mgongoni mwangu, tumekaa nje tukimenya, nawe ukinivika kofia yako nisiumwe kichwa. Julai ulikuwa unafungua kopo tu. Ukungu wetu wa Julai haukaushi hata soksi, na sisi tukaanika switi.

Kopo la mwisho tuliwagawia waombolezaji pamoja na chai, siku ya mazishi yako. Tulilimaliza bila kufikiri, tukijua tutapika switi nyingine. Najua wewe pia ungewapa.

Basi Jumapili watu watakula mkate na chai. Ndimu zilizobaki amechukua Hibo. Jua la Januari likirudi tutakaa tena pale nje, na Anita nitamvika ile kofia.

Ila bado nashangaa. Miaka yote hiyo karibu na sufuria yako, nilikuwa naangalia nini? Nafikiri nilikuwa nakuangalia wewe.

Unakumbukwa na mkeo, Mama Wamucii. Watoto wako, Wamucii na Peterson. Mjukuu wako, Anita. Jamaa zako wote wa Gakindu na Gatitu. Na nyumba ya Hashi, Nanyuki.

Iwe baridi, liwe jua, hatutakusahau.