Harusi ya Naipingo Iliyongoja Msiro

Dada Rehema, shikamoo. Mimi mzima, joto tu.

Leo hapa kijijini Naipingo nimeona harusi ikisimama saa nzima. Biharusi ni Mmakua, na bibi yake alikataa atoke bila msiro usoni, ile rojo nyeupe ya mti unaosuguliwa kwenye jiwe lenye maji. Mti huo alikuwa anauleta wifi wa bibi kutoka Msumbiji. Kiangazi hiki mahali pengine Ruvuma unavukwa kwa miguu, lakini wifi alichelewa.

Alipofika, bibi alimfokea: “Ulikuwa unangoja mto ukauke wote?”

“Nilikuwa nangoja ulainike wewe, wifi!”

Walicheka, wakaanza kusugua. Biharusi alipotoka na uso mweupe, bibi alisema, “Sasa huyu ni wetu,” akaruhusu ngoma ipigwe.

Nakukumbuka sana. Wabusu watoto.

Mdogo wako, Salma