Maiki Iliyoachwa Wazi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Na shikamoo nyingine, hiyo ni ya wiki zile nilizokaa kimya. Magoti yanasemaje? Na jirani yule mgomvi, bado mnagombana asubuhi na kupatana jioni? Mimi ni mzima. Nikisema mzima, ujue nakaa, napumua na natania. Mengine ni marekebisho madogo tu. Nikicheka mbavu zinauma, kwa hiyo siku hizi nachekesha wenzangu huku mwenyewe nimenuna kama hakimu. Meno mawili ya mbele yamehama bila kuaga. Usilie mama, yalikuwa yamepinda.

Najua redio imekwambia huku kulikuwa na vurugu za uchaguzi. Redio ilikuwa studio, mimi nilikuwa chini ya miguu ya watu, kwa hiyo nisikilize mimi.

Unajua kazi yangu ni mdomo. Nilikuwa natangaza dawa ya mende na panya juu ya pikapu, na huku wananiita Spika. Basi akanifuata fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, futi ya kupimia nguo shingoni kama mkufu. Akasema anagombea udiwani na ana mambo matatu tu, hana la nne. La kwanza, mabomba ya halmashauri yafunguliwe. La pili, mtaro mkubwa wa nyuma ya soko ufunikwe, maana kila mvua kubwa unaondoka na mtu. La tatu, choo cha soko kitolewe kufuli. Nikamwambia mama mkubwa, mbona hakuna uwanja wa mpira? Mbona hakuna hata barabara ya juu? Mgombea gani anaahidi choo? Akakata uzi kwa meno, akasema nguo inashonwa pale ilipochanika, si pale inapopendeza.

Siku ya kwanza ya kumtangaza mazoea yakanitia aibu. Nilipofika kwenye jina lake nikajisikia natangaza kwamba anaua mende, anaua panya, hawarudi tena. Nikataka kuzama. Watu sokoni wakapiga makofi, mmoja akapayuka, "Huyo ndiye! Aanzie ofisi za halmashauri!"

Tatizo lilikuwa lile jambo la kwanza. Diwani aliyepo tunamwita Mwenye Maji. Ana malori ya maji, na mabomba ya mitaani yalianza kutiwa kufuli mwaka uleule aliponunua malori. Kwa hiyo kila nilipotamka neno bomba, nilikuwa natia mkono kwenye mfuko wa mtu, tena kwa spika nne.

Wakaanza na mawe. Moja lilivunja kioo cha pikapu likampasua dereva nyusi. Dereva huyo nilimwita Bubu, maana tulizunguka mji mzima pamoja na hakuwahi kunijibu utani wangu hata mmoja. Alijifuta damu kwa kiganja, akatia gia. Halafu mchana kweupe wanaume watatu wakaingia kibandani kwa fundi na nyundo ya kuvunjia zege. Wakamshika nywele, wakamgeuza uso atazame, wakaponda vyerehani vyake kimoja baada ya kingine mpaka vikawa vyuma chakavu vya kupima kwenye mzani. Mmoja akamwambia, "Haya bibi, tushonee." Jirani aliyejaribu kuingilia alipigwa nyundo ya mguu, na mguu huo hautakanyaga tena. Nilimkuta fundi anafagia. Nikamwuliza kama tulibadilishe lile la kwanza, liwe hata la tatu. Akasema kama wanavunja cherehani kwa ajili ya bomba, basi namba moja ameshailipia, haibadilishi.

Mkutano mkubwa ulikuwa stendi, alasiri, jua kali. Sasa hapa nikuambie kitu cha kazi. Swichi ya maiki yangu ilishakufa zamani, inajizima yenyewe. Kwa hiyo naikaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na ikishakazwa iko wazi mpaka nyumbani. Sisi watangazaji wote tunafanya hivyo. Hasara yake, ukipiga chafya mji mzima unakuombea afya.

Fundi alikuwa ndio kwanza amefika kwenye kufuli za mabomba, lori la maji likaingia kinyumenyume. Watu wakadhani gari limekosea njia. Wakafungua mpira mkubwa. Mama, maji tunayoyasubiri nyumbani kwa wiki nzima, siku ile tuligawiwa bure, usoni. Wazee walianguka, viti vikaruka, vumbi likawa utelezi. Hapo ndipo wakashuka, nyuso zimefungwa vitambaa, mikononi wana vile vyuma virefu vya kufungulia koki za malori. Walipiga kama watu wanaopura. Magoti, viwiko, vichwa, chochote kilichoinuka. Mimi nilipigwa teke la mdomo, nikashuka chini pamoja na meno yangu, halafu mateke ya mbavu, na mkono wangu mpumbavu ukakataa kuachia maiki.

Nikiwa chini nikaona wanamburuta fundi kwa ile futi yake ya shingoni. Wawili wanavuta, miguu inachimba tope, uso umeshakuwa rangi nyingine. Watu wote tulikuwa tunatafuta pa kujificha. Bubu akashuka kwenye pikapu. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Akapita katikati yao na kisu chake cha kumenyea matunda, akakata ile futi, fundi akadondoka. Aliyekuwa karibu akampiga chuma cha kichwa. Mlio wake, mama, sitakufananishia na kitu, usije ukausikia kila ukikigusa. Bubu akapiga magoti. Yule akampiga tena, pale pale. Akaniangukia mimi, kichwa tumboni kwangu, na damu yake ilikuwa ya moto kuliko nilivyojua damu inaweza kuwa.

Mwenye chuma akaja juu yangu. Akainua. Nikafumba macho nikakuita, mama, kwa jina lako kabisa. Chuma hakikushuka. Nikafumbua. Alikuwa amekiteremsha, ananitazama kupitia kitambaa, anahema. Akasema, "Kasuku, lala chini hapo hapo. Usiinuke." Maiki ikabeba. Spika nne zikapaza maneno hayo juu ya mabati ya mji mzima. Hata wagonjwa walioko hospitali ng'ambo ya barabara waliyasikia.

Walipoondoka na lori lao, hasira ikageuka mbwa asiye na mwenyewe. Watu wakamkamata msukuma mkokoteni anayepelekea watu madumu ya maji, baba wa watoto, kwa sababu alikuwa na kitambaa shingoni cha kufutia jasho. Wakamvunja mguu kwa jiwe la kujengea. Wakamwagia mafuta ya taa. Fundi alitambaa mpaka pale, sauti haitoki, akamlalia juu. Kama si huyo mama kumfunika na mwili wake, wangemwasha. Askari walipofika wakamchukua nani? Msukuma mkokoteni. Na Bubu alipokata roho jioni ile, kesi ikawa ya mauaji, na mwenye kesi akawa huyo huyo.

Mji mzima sasa unauliza kitu kimoja: Kasuku ni nani? Wengine wanasema ni jina la siri la kikundi. Kinyozi anaapa ni mbwa wa Mwenye Maji. Fundi aliniuliza akiwa kitandani hospitali, kwa mnong'ono, kwa sababu koo lake limepondeka, nikamwambia sijui. Askari waliniuliza, nikawaambia damu ilikuwa masikioni. Mama, jina hilo ulinipa wewe, nilipokuwa naongea kabla sijajua kutembea. Halijawahi kutoka nje ya mlango wetu. Sikuwa nimelisikia tena tangu nilipohama, mpaka siku ile.

Wiki hii waliniita kituoni nimtambue muuaji. Wakamleta msukuma mkokoteni, wamembeba maana mguu haupo kazini, uso umevimba mpaka macho yamebaki mikato. Askari akaniuliza, "Ndiye?" Yule bwana hakunililia. Akasema tu, "Ndugu yangu, si tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi?" Kweli, tulikuwa tunasalimiana. Nikatafuta utani, mama. Mara ya kwanza maishani mwangu sikuupata.

Nikawaambia Kasuku ni mimi.

Sasa mama, kaa vizuri. Na wewe unayemsomea barua hii, usiinue macho. Najua ni wewe, mdogo wangu. Mama hajui kusoma, na barua yake iliyonifikia juzi ilikuwa ya mwandiko wako, ikisema kitinda mimba amerudi nyumbani ghafla kutoka kwenye kazi yake ya malori, eti ana homa, hatoki nje, hali vizuri. Umesoma mpaka hapa kwa sababu ukinyamaza atakuuliza mbona kimya. Endelea.

Uliniacha hai. Nakushukuru, na kila nikishukuru natapika. Bubu naye alikuwa na jina lake la nyumbani. Mkewe alikuwa analiita kaburini, anainama kuliita chini kama mtu anayeita kisimani. Yeye hukumjua, ndiyo maana ulishusha chuma mara mbili.

Nimewatajia askari jina lako, jina la baba, na nyumba ya mama. Nimewaomba wagonge mlango kama watu. Watakuja kesho au keshokutwa, na barua hii nimempa kondakta wa basi la leo iwatangulie. Sikuituma ili ukimbie. Ukikimbia watamkuta mama peke yake. Nimeituma kwa sababu mama hastahili kulisikia neno hili kwa askari, wala kwangu; alisikie kinywani mwako. Mstari unaofuata usome kwa sauti, usiruke, usipunguze:

Mama, mimi ndiye niliyemuua dereva.

Basi mama, yaliyobaki muulize mwenyewe, yuko mbele yako. Mimi nikipata nauli na kifua kikiruhusu nitakuja, ukitaka kunifukuza nifukuze nikiwa nimeshaingia. Kura ni Jumapili. Fundi hajajitoa, na kwa kuwa hana sauti, mambo yake matatu nayatangaza mimi, polepole, kwa mbavu hizi, na la kwanza bado ni la kwanza.

Nisalimie jirani yako mgomvi na wote wanaoniulizia. Na yeye pia mama, mpe salamu zangu, na mpe chakula kabla hawajafika.

Ni mimi mwanao wa kwanza.