Hata Kurudisha Inangoja

Mjukuu wangu Kigen,

Huku Kitale tuko, goti tu ndio inanisumbua, na ng'ombe amezaa dume. Ile mashine ulitutengenezea ya kukausha mahindi imechoma gunia zote za chama chetu cha wamama. Fundi anasema kompyuta yake ya ndani ilikwama ikingoja kurudisha memori yenye ilikuwa imeazima, ikasahau kuzima moto. Na wewe huko Bungoma unasema ati kurudisha haiwezi ngoja, ati ni sisi wamama tuligusa waya. Mimi sijasoma, lakini nikirudisha sufuria ya kanisa, si nangojea mwenye ufunguo wa stoo? Uongo yako inanuka kuliko hayo mahindi yameungua. Jumapili kanisani wamama walihama benchi yangu. Kuja useme mbele yao ni wewe. Usiniletee sukari.

Ni mimi kogo yako, nyanya yako, Chepkosgei. Jelagat ndiye ameniandikia.