Uso Chini ya Plasta

Riyadh

Shikamoo Bibi yangu,

Zuhura, msomee Bibi barua hii yote, usiruke mahali ukiona panauma. Na usome taratibu, dada yangu, maana wewe huwa unasoma kama unafukuzwa.

Bibi, natumai miguu imepoa na lile jicho halitoi machozi tena. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Si uchovu wa mwili tu, huo nimeshauzoea. Kila ukipiga simu unaniuliza nakuja lini, nami kila mara nakwambia subiri kidogo. Leo nakujibu, na nimeona niandike kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Kazi yangu unaijua, useremala wa maonyesho. Makao yetu ni Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, tumejazana chumba kimoja. Mizigo ikishuka bandarini tunaifungua, tunatengeneza makabati ya vioo, kisha tunapelekwa popote penye shughuli. Safari hii tumeletwa Riyadh, kwenye jengo lenye baridi ya AC mpaka ndani navaa sweta, na nje jua linachoma.

Maonyesho yenyewe yanahusu maonyesho ya zamani. Usicheke. Enzi za ukoloni serikali ilikuwa ikiwakusanya watu mjini na kuwapangia meza: hapa pamba, pale wadudu wanaokula kahawa, pale mbung'o waliokaushwa na kuchomwa pini. Watu wajifunze kwa wataalamu, na wataalamu wajifunze kwa kuwatazama watu. Ndivyo sayansi ilivyokua katika makoloni, yanasema maandishi ya ukutani, nami niliyeyabandika sina ubishi. Halafu kuna chumba cha mwisho, na humo mna nyuso.

Ni nyuso za plasta, Bibi, nyeupe, macho yamefumbwa. Wataalamu walikuwa wakimlaza mtu, wanampaka mafuta, wanamtia mirija puani apumue, kisha wanamfunika plasta uso mzima mpaka igande. Walitaka kupima pua na mashavu, eti wajue kabila gani ni watu wa namna gani. Chini ya kila uso pana namba. Jina hakuna.

Mudiri wetu, yaani bosi wa kazi, Mjordani mmoja mpole tu, alitaka wageni wa ufunguzi waone kwa macho jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Mtu aliyemkodi akaghairi, ndipo akaniita mimi. Akasema nikikubali kulala mezani siku za mwanzo, atasaini likizo yangu nije nyumbani kabla ya Ramadhani. La sivyo, halas, basi tena, nisubiri mradi uishe, na mradi huu hauishi leo wala kesho. Nilikubali palepale. Nilikuwaza wewe tu.

Tukafanya majaribio. Plasta mbichi ni ya baridi, inapendeza hata. Ikianza kuganda inapata moto. Mdomo umezibwa, macho yamezibwa, na unawasikia watu wakikuzungumzia juu ya kichwa chako. Msichana aliyekuwa akinipaka, mwanafunzi wa sanaa, alimwambia mudiri kwamba mifupa ya mashavu yangu ni mizuri sana. Mudiri akauliza chakula cha mchana kitafika saa ngapi. Nilitamani waniulize neno, hata jina langu tu, ingawa nisingeweza kulijibu. Nikaogopa, Bibi, mtu mzima na ndevu zangu. Hapo ndipo nilipomkumbuka baba yako.

Wewe ndiye uliyetuhadithia. Mzee hakujifunika shuka usoni hata kwenye baridi ya Lushoto. Kinyozi akileta povu la sabuni, anasimama na kuondoka. Watu wakimtania, anajibu kwamba yeye alishazikwa mara moja, mjini, kwenye maonyesho ya Mwingereza. Mkasema mzee anaweweseka. Nasi vitukuu tukamcheka bila hata kumjua.

Nikainua mkono, wakanibandua. Nikaenda kwenye zile nyuso nikazitazama moja moja. Sura yake siijui, nikawa namtafuta kwa pua yako, Bibi, sikumpata. Au labda nilimpita, maana watu wakifumba macho na kukaza midomo namna ile wanafanana wote.

Asubuhi yake nikamwambia mudiri kwamba sitaweza kulala pale mbele za watu.

"Ya Hemedi, ni elimu tu," akasema. "Mafi mushkila, hakuna tatizo. Watu wauone ubaya wenyewe."

"Watauona, mudiri. Lakini anayelala ni mimi."

Akasema sawa, ila habari ya likizo nisimtajie tena. Hakunitukana. Nadhani naye kachoka.

Basi siji, Bibi. Si Ramadhani hii, na baada yake sijui.

Kuna jambo linanikosesha raha tangu siku hiyo. Ulisema Mzee alirudi kutoka mjini na miche ya kahawa ambayo wenzake hawakupewa, na kahawa hiyo ndiyo iliyowalea. Hakuwahi kusema kwa nini alipewa yeye. Sasa naona kama najua. Alilala ili ninyi mle, akanyamaza, na maisha yake yote akaogopa shuka. Mimi nimeahidiwa kukuona wewe, nikasema hapana.

Msalimie mama, mwambie kifua changu hakina neno. Msalimie mjomba anayekuletea maziwa, na yule jirani anayekukanda miguu, Mungu amlipe. Zuhura, watoto wako nawabusu.

Bibi, sijui kama nimefanya vizuri. Kama nimekosea, niliyemkosea ni wewe peke yako. Kula, kunywa dawa zako, ugomvi na majirani uupunguze. Nisubiri. Nakuomba sana unisubiri.

Mjukuu wako,
Hemedi