Jina Lako Juu ya Kitabu Changu

Fundi Galgalo,

Salaam aleikum. Miezi saba imepita tangu tukuzike Kulamawe, na wiki hii ndiyo ya kwanza nimeshindwa kukuombea.

Hapa Isiolo kiwanda bado kinapiga chapa. Meza yako nimepewa mimi. Nagawa ukurasa vile ulivyonifundisha miaka ya sabini ikiishia, nilipokuja kutoka mtaa wa Kiwanjani sijui hata kushika herufi ya risasi ya kupigia chapa. Uliniwekea fremu ya chuma mezani, tupu, ukaniambia, "Halima, gawanya kwanza, jaza baadaye." Juu mahali pa kichwa, kushoto safu nyembamba ya orodha, kulia uwanja mpana wa maneno. Siku ya kwanza sikuikaza fremu vizuri. Nilipoinua fremu, herufi zote zilimwagika sakafuni. Ulipiga magoti ukaokota pamoja nami, bila kunikaripia. Tangu siku hiyo nilikuhesabu kama baba.

Ndiyo maana daftari langu nilikuletea wewe. Nilikuwa nimeandika somo zima la kupanga kurasa kwa mtu anayeanza, na michoro ya fremu nimeichora kwa rula. Ulikaa nalo mwezi mzima. Kisha ukanirudishia, ukasema tajiri wa kiwanda amelikataa, eti hakuna atakayesoma kitabu cha fundi asiye na cheti. Nikalifungia sandukuni. Nilikuamini, Fundi. Hata sikumuuliza tajiri.

Jumatatu alikuja mwalimu mmoja wa Meru, anataka kujua kupanga gazeti la shule yake. Akatoa kitabu mkobani, akasema kimemsaidia sana. Kimechapwa Nairobi. Jina lako liko kwenye jalada. Nikafungua. Mchoro wa nne ni tangazo la "Duka la Amina, Kiwanjani." Amina ni binti yangu, hana duka lolote. Niliandika vile daftarini mwangu kumchekesha alipougua surua. Hata hilo hukubadilisha.

Nikamwambia mwalimu ni kitabu kizuri. Sijui sauti niliitoa wapi.

Jana nilipanda lori hadi Kulamawe kwa mke wako, Mama Dida. Nilitaka aniambie nimekosea. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Alijua ni chako. Alisema atakuambia Ramadhani ikiisha."

Nikamuuliza Ramadhani gani. Akasema ya miaka minne iliyopita.

Miaka minne, Fundi. Tulifuturu pamoja. Idd ulikula kwangu. Ungeniomba tuweke majina yote mawili, ningekubali siku hiyo hiyo. Wewe ulikuwa... sijui sasa ulikuwa nani.

Mama Dida alilia. Sikuweza kulia naye. Nilimwambia tu kosa si lake.

Leo asubuhi nilimwendea tajiri na daftari, nikamweleza yote. Alikuwa hajawahi kuliona. Amelisoma amesimama, akasema tulichape, na nimeshaanza kupanga ukurasa wa kwanza. Jina langu litakaa kwenye jalada. Ndani nitaandika kwamba kazi ya fremu nilifundishwa na Galgalo, kwa sababu hiyo ni kweli, na kitabu changu hakitakuwa na uongo.

Pumzika, Fundi. Kusamehe bado sijaweza, na sitajifanya. Nakuahidi hili moja: siku nitakapoweza, nitakuja nikuambie kaburini kwa mdomo wangu, nisimtume mtu.

Halima