Skrini Moja Iliyopinda, au Mbili?

Jumamosi, Kahama. Mvua ya asubuhi imekatika, bati bado linadondosha, na mimi nimeshindwa kutulia kitini kwa furaha.

Leo nimenunua skrini!

Miaka minne nahariri video za harusi kwenye laptopu ambayo kioo chake hakizidi sahani ya ubwabwa. Muuzaji wa Mwanza alitaka jibu kabla hajafunga duka saa sita, ili apakie mzigo kwenye basi la Jumatatu asubuhi: ile moja pana iliyopinda, au mbili za kawaida?

Nakiri, moyo ulishaenda kwa iliyopinda. Nilishaiweka hadi kwenye statasi ya WhatsApp. Nilijiona nimekaa katikati yake, harusi nzima imetandazwa mbele yangu, kuanzia maharusi wanashuka garini hadi keki inaliwa.

Nikakata boksi la mafuta ya kula kwa vipimo vyake, nikalikunja kidogo, nikalisimamisha mezani. Lilipendeza, nusura nilipige picha.

Saa nne akaingia Mama Kulwa na mama yake mzazi, kukagua video ya harusi ya Kulwa. Huku kwetu hakuna anayepokea video bila kukagua. Familia inakaa kwenye benchi langu pale ukutani, ubavuni mwa meza, kuhakikisha kila aliyekwenda mbele kuwatunza maharusi yumo.

Na wana haki. Mwaka jana niliona foleni ya zawadi ni ndefu mno, nikaipunguza, nikaweka muziki mtamu. Mzee mmoja alikuwa ametoa mbuzi. Alitazama mpaka mwisho, hakugomba, akamuuliza tu mkewe, "Kwani mimi sikwenda?"

Mpaka leo naona aibu.

Basi Bibi, yule mama yake Mama Kulwa, akaitikia shikamoo yangu, akakaa mwisho wa benchi, akalitazama boksi. Nikamweleza kwa mbwembwe zote kwamba skrini mpya itakuwa hivyo.

"Ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "mimi hapa naona mgongo wake. Wewe utaona harusi. Mimi je?"

Mama Kulwa alicheka sana. Kumbe nilikuwa nachagua kwa ajili ya kiti kimoja tu, changu.

Nikapiga simu pale pale, nimesimama. Mbili! Moja yangu ya kukata na kuunga, nyingine nitaigeuzia benchi, waone ninachokiona, wanizuie kabla sijamfuta mtu.

Kisha nikamgeuzia Bibi laptopu. Alipojiona anacheza kuelekea mbele na mkeka wake wa zawadi kichwani, akapiga makofi. "Rudisha!" Nilirudisha mara tatu. Nilifurahi kuliko yeye.

Mlangoni akageuka. "Ile yangu inafika lini?"

Eti yangu! Na harusi yenyewe imeshakwisha kukaguliwa.

"Jumatatu, Bibi."

Akasema atawahi. Jumatatu, kabla sijafungua hata boksi moja, nitalifuta vumbi benchi.