Tochi Inayozima Mkononi mwa Imaculata

Jumatatu, 9 Juni 2025

"Mashine haizimi yenyewe. Anaizima yeye. Kidole kinachoka." Hayo ni maneno ya mwenyekiti wa kikundi chetu cha karakana, Bartolomeo, leo saa nne, mbele ya watu sita, kikombe cha chai mkononi.

Upuuzi. Kidole gani hicho? Imaculata ana miaka ishirini na tisa na ameshika jembe tangu utoto. Anabeba peke yake bati la stenlesi ambalo Bartolomeo huita watu wawili wamsaidie. Kidole hicho hakichoki akipukuchua mahindi, hakichoki akikoroga ugali wa msiba, kinachoka tu kikibonyeza swichi ya tochi, ule mpini wa mashine ya tigi, ya kuchomelea kwa gesi? Hoja kama hii ningemrudishia mtoto wa darasa la tano akaiandike upya.

Lakini ana kitu cha kushikilia, na humu daftarini sidanganyi. Mashine inazima kwa Imaculata tu. Romanus, mchomeleaji mwenzake, akichomelea, moto unawaka mwanzo wa mshono hadi mwisho. Akishika Imaculata, katikati ya mshono — kimya. Mara nne Jumamosi. Mara tatu leo. Kila ikizima inaacha kitundu kwenye stenlesi, na kitundu kile lazima kisagwe na kuchomelewa upya. Tangi la mafuta la wakamuaji alizeti wa Mpitimbi limejaa makovu.

Jumamosi kuna kikao. Mwenyekiti anataka Imaculata aondolewe kwenye tigi, apewe brashi apake rangi mageti. Miaka mitatu ya kujifunza, kisha brashi! Na akishatolewa, nani atamrudisha? Karakana hii ya Mfaranyaki haijawahi kumrudisha mtu.

Mimi ndiye fundi umeme hapa. Kama si kidole, ni umeme. Siku tano zinanitosha.

Jumanne, 10 Juni

Nimelipata. Kwa siku moja!

Ni Chande. Mashine yake ya kusaga iko nyuma ya ukuta wetu, na mota yake ikianza kuzunguka taa yetu inafifia. Nimepima kwa mita: volti 228 kinu kikiwa kimelala, volti 196 kikiamka. Nani asiyeona? Sisi tunachomelea, yeye anasaga, umeme unashuka, mashine inazima, mwanamke analaumiwa. Mnyororo mzima wa dhuluma, na mwanzo wake ni gunia la mahindi.

Nimemwandikia barua. Ukurasa na nusu. Nimemweleza kwamba umeme wa mtaa ni kama maji ya mfereji, hauwezi kunywewa na mmoja wengine wakatazama. Nimetumia neno "ubinafsi" mara tatu na "unyang'anyi" mara moja. Nimeibandika mlangoni kwake alipokwenda kuswali adhuhuri. Hata vituo vyake ni vizuri, ile barua. Nimekula mchana kwa hamu.

Jumatano, 11 Juni

Aibu.

Imaculata ameisoma barua mlangoni kwa Chande, akarudi akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Namjua. Nikamwambia aseme. Akasema bila kuniangalia, "Mama, Jumamosi ilikuwa Idi. Chande hakufungua."

Na Jumamosi mashine ilizima mara nne.

Nimeandika mwenyewe hapo juu, Jumatatu: mara nne Jumamosi. Nimesoma vitabu vingi kuliko kamati nzima, nimeandika barua kwa wahariri mpaka wananitambua kwa mwandiko, na sikusoma daftari langu.

Nikaenda kwa Chande. Barua haikuwa mlangoni tena. Ilikuwa ndani, imebandikwa juu ya mzani, na wanawake wawili waliokuwa wakisubiri unga walikuwa wanaisoma kwa sauti. Mmoja alikuwa amefika kwenye "unyang'anyi."

Nikaomba radhi. Sina mazoezi ya jambo hilo, ilitoka fupi. Chande ni Myao wa Tunduru, mpole kupita kiasi, upole wa kumtia mtu hasira. Akajifuta unga usoni. "Mama Calvin, nimeisoma mara mbili. Kiswahili safi. Kosa lake ni moja tu, umekosea anwani."

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Nilipogeuka kuondoka akaniuliza swali. Alisema mota yake ikikosa umeme inakufa na kila kitu chake, mkanda, mlio, vyote. Yangu inakufaje?

Siku mbili nagombana na mashine ambayo sijaitazama ikifa.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimetazama.

Nimemwomba Imaculata achomelee kipande cha taka, nami nimevaa kofia ya kioo cheusi, nimekaa juu ya ndoo karibu na mashine. Moto umewaka. Umetembea kiasi cha kiganja. Umezima. Sijafanya lolote, nimesikiliza. Feni ndani ya mashine inaendelea kuzunguka. Taa ya kijani inawaka. Taa nyekundu, ambayo ingewaka kama umeme ungepungua au mashine ingepata joto, haikuwaka. Na gesi — gesi iliendelea kuvuma sekunde tano, sita, kisha ikakata taratibu.

Hivyo ndivyo mashine inavyofanya fundi akiachia swichi. Inapoza mshono kwa gesi, kisha inalala. Haikufa. Ilitii. Ilipokea habari kwamba kidole kimeondoka.

Na kama mashine inasema kidole kimeondoka, basi mashine inasema anachosema Bartolomeo! Sijawahi kuchukia taa ya kijani namna ile.

Imaculata akauliza kama na mimi sasa naamini ni yeye. Alikuwa amevua glavu, anakiangalia kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Alisema usiku anakibonyeza ukingoni mwa kitanda kuona kama kinalegea. Hapo hasira yangu ikabadilika. Ilikuwa ya kushinda mjadala. Sasa ilikuwa ya kitu kingine.

Nikamwambia achomelee tena. Nikaweka kidole changu juu ya chake, nikabonyeza kwa nguvu ya vidole viwili, mpaka akasema "Mama, unaniumiza." Moto ukatembea. Ukazima.

Kidole kimeachiliwa huru! Vidole viwili haviwezi kuchoka kwa pamoja.

Basi kati ya swichi na mashine kuna nini? Nyaya mbili nyembamba, zinatembea pamoja na mpira wa gesi hadi kwenye plagi. Nikazima, nikachomoa, nikabonyeza swichi, nikapima. Mita inalia: waya mzima. Nikamwita Romanus ashike tochi kama anavyoshika siku zote, abonyeze. Inalia. Nikamwambia Imaculata ashike. Akashika, akabonyeza.

Mita ikanyamaza.

Na mimi, mwerevu wa Songea nzima, ndipo nilipoona kitu ambacho kimekuwa mbele yangu miaka mitatu. Imaculata ni mtu wa mashoto. Anasalimia kwa kulia, anakula kwa kulia, bibi yake alihakikisha hilo kwa fimbo. Lakini kazi anaifanya kwa kushoto. Na mashine yetu imewekwa kulia kwa meza kwa sababu soketi iko kulia. Kwa Romanus waya unakuja umenyooka. Kwa Imaculata unavuka kifua, unajikunja shingoni mwa tochi kama shingo ya kuku aliyegeuzwa. Hapo shingoni, ndani ya ngozi nzima isiyo na mkwaruzo, waya mmoja umekatika. Ukinyooka, ncha zinagusana. Ukikunjwa kushoto, zinaachana.

Nimemwonyesha. Kunja, kimya. Nyoosha, inalia. Alifanya mwenyewe mara kumi hivi. Kisha akavaa glavu zake.

Ijumaa, 13 Juni

Tumegombana. Kidogo.

Mimi nilitaka waya uachwe hivyo hivyo mpaka kesho. Kikao kije karakanani, Bartolomeo ashike tochi kwa kushoto, moto umzimikie yeye mbele ya watu. Nilikwisha andika na hotuba. Kurasa nne.

Imaculata akasema hapana, watu wa Mpitimbi wamekwisha vuna, alizeti imejaa ndani, tangi linasubiriwa. Nikamwambia siku moja tu. Akasema, "Mama, wewe unataka kushinda. Mimi nataka kuchomelea."

Nikaiweka hotuba mkobani, nikachukua koleo.

Tukarekebisha. Nimekata waya shubiri moja kutoka shingoni, kipande chenye ugonjwa nimekiweka kwenye bahasha. Nimeunga upya kwa risasi ya kulehemu, nikavisha mpira, nikauachia ulegevu ili usivutwe tena. Meza yenyewe tumeizungusha, sasa soketi iko upande wake. Dakika ishirini, baada ya siku tano za makelele.

Kisha akachomelea mshono wa chini ya tangi. Wote, bila kusimama. Kwa kushoto. Rangi ya dhahabu, mawimbi madogo yamelala sawasawa kama mkeka. Nimevua kofia nikabaki nautazama tu. Nimefurahi leo kuliko siku ile barua yangu ilipochapwa ukurasa wa mbele.

Romanus amekuja, ameinama, ameukagua. "Tochi imekuwa fupi," akasema. Ndiyo sifa pekee aliyotoa. Nikamuuliza kama kesho atasema alichokiona kwenye mita jana. Akasema ataangalia. Tangi lingekuwa lake, Imaculata akiondolewa. Namwelewa, na sijamsamehe.

Saa kumi mwenyekiti kapita. Akautazama mshono, akatabasamu. "Mnaona? Amesikia kuna kikao, kidole kimepona."

Nilifungua mdomo. Imaculata akanikanyaga mguu. Buti la karakana!

Jumamosi, 14 Juni

Naandika ndani ya kikao, daftari gotini. Baridi, milango imefungwa, watu wamevaa makoti. Mwenyekiti anasoma muhtasari wa kikao kilichopita na hajafika nusu. Jambo la Imaculata ni la mwisho, chini ya "mengineyo", kama vile mtu ni baki.

Bahasha iko mkobani. Mita iko mkobani. Betri zake ziliisha asubuhi hii hii, na Chande kanipa za redio yake. Hakutaka hata shukrani, kaomba tu nisiandike barua nyingine.

Imaculata amekaa karibu na mlango, mikono mapajani, kushoto juu ya kulia. Romanus amekaa dirishani. Nimemtazama mara tatu, mara mbili ameangalia nje.

Zile kurasa nne Imaculata alizisoma getini. Alizikunja akazitia mfukoni mwake, akaniambia nibaki na mistari mitano. Nimekubali. Nimeandika kwa penseli, nisiipambe.

Wamefika kwenye mengineyo. Bartolomeo amesema aliyosema Jumatatu, neno kwa neno, na ameongeza kwamba mshono wa jana ndio ushahidi. Wawili wametikisa kichwa kukubali. Sasa ananigeukia. "Mama Calvin, una neno, au tupige kura?"

Nina neno. Ni hili:

Ndugu mwenyekiti, na wewe Romanus uliyesikia mita ikinyamaza, na ninyi wajumbe watano mliokaa ukutani: kabla hamjainua mkono, kila mmoja ashike kipande hiki cha waya kwa mkono wake wa kushoto. Akikunje. Asikilize mita. Kisha amtazame Imaculata, asinitazame mimi, amwambie mwenyewe ni kidole cha nani kilichochoka. Anza wewe, Romanus.